UZI: Mary Leakey, mama asiye na digrii aliyeifungua Olduvai. Sisi wa Arusha tumjue vizuri

#1 Mleta uzi (Arusha)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande kadri nguvu itakavyoruhusu, anayependa historia avute kiti.

Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni. Kila siku magari yanatoka hapa mjini, Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, yanapandisha geti la Lodoare, yanazunguka ukingo wa kreta, halafu yakishuka kuelekea Serengeti mengi yanapitiliza pale njia panda ya Olduvai kwenye yale mafuvu mawili makubwa ya sanamu. Mgeni akiuliza hili fuvu nani aliliona, jibu ninalolisikia mara kwa mara, hata kutoka kwa wenzangu wa kazi, ni "Dr. Leakey". Leakey yupi? Wanasema Louis. Na watoto wetu Form One wanakariri hivyohivyo, Zinjanthropus, 1959, Dr. Leakey, wanapata tiki wanaendelea na mada nyingine.

Aliyeliona ni Mary. Louis siku hiyo alikuwa kambini amelala na homa. Na sio kwamba mama alibahatisha tu akakanyaga fuvu, alikuwa ndiye mchimbaji makini kuliko wote pale, na kazi kubwa ya Olduvai ile ya kuelewa nini kilitokea mahali gani ni yake. Hili linaniuma ndio maana naandika.

Tuanze mwanzo. Jina lake la kuzaliwa ni Mary Douglas Nicol, kazaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Mwaka huohuo wa 1913 Mjerumani Hans Reck alikuwa Olduvai anachimba, yaani mtoto anazaliwa Uingereza na huku korongo lenyewe ndio kwanza linaanza kuguswa na wataalamu. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa picha za mandhari, familia inahamahama kufuata pa kuchora, na sehemu waliyokaa sana ni kusini mwa Ufaransa, Dordogne, kule kwenye mapango ya watu wa kale. Pale Les Eyzies kulikuwa na mtaalamu anachimba, udongo anaoutupa bado una vipande vya mawe yaliyochongwa, akawaruhusu Mary na baba yake waupekue. Binti wa miaka kumi na kitu anapekua kifusi, anaokota vijiwe, anavipanga kwa aina zake. Huko ndiko alikoanzia. Baadaye padri mmoja, Lemozi, akampeleka kwenye pango la Pech Merle kuona michoro ya kale ukutani.

Mwaka 1926 baba akafariki, Mary ana miaka 13. Maisha yakabadilika ghafla. Mama akamrudisha Uingereza akampeleka shule za masista. Kule hakukukalika. Shule ya kwanza aligoma kukariri mashairi mbele za watu akaenda kujificha chumba cha boila, wakamfukuza. Ya pili akasababisha mlipuko maabara ya kemia, wakamfukuza tena. Mama mtu akajaribu kuulizia Oxford, akaambiwa hata asihangaike kuomba, maana binti hana mtihani hata mmoja aliofaulu.

Naomba hapo tupakumbuke, nitaendelea.

#2 Mdau wa Moshi

Mkuu tiririka, nimekaa. Mimi nilijua Mary ni mke tu wa Leakey aliyekuwa anamsindikiza mzee.

#3 Mleta uzi (Arusha)

Ndugu yangu wa Moshi hauko peke yako, na ndio ninachotaka kukiweka sawa.

Sasa huyu binti bila cheti alijifunzaje? Alikuwa anaingia kwenye mihadhara ya jiolojia na akiolojia pale London kusikiliza tu. Akaandika barua kwa watu wanaochimba, moja baada ya nyingine, wamchukue. Aliyemchukua ni mwanamke, Dorothy Liddell, aliyekuwa anachimba Hembury kule Devon, Mary akafanya naye kazi misimu kadhaa kuanzia 1930. Pale ndipo alipofundishwa kushika mwiko na brashi, kuondoa udongo tabaka kwa tabaka, na kuchora kila kinachotoka.

Kuchora ndiko kulimfungulia mlango, alikirithi kipaji cha baba. Zamani picha ya kamera haikutosha kuonyesha jiwe lilivyochongwa, ilibidi mtu achore kwa mkono kila pigo lilipobandua kipande na liligonga kutokea upande gani, na huwezi kuchora hivyo kama hujaelewa aliyelichonga alifanya nini. Mwanamke mwingine, Gertrude Caton-Thompson, aliyekuwa bingwa wa akiolojia ya Misri, aliona michoro ya Mary akampa kazi ya kuchora zana za mawe za Fayum. Na Caton-Thompson huyuhuyu ndiye aliyemkutanisha na Louis Leakey mwaka 1933, Louis alikuwa anatafuta mchoraji wa kitabu chake.

Hapo sitaficha, Louis alikuwa na mke, Frida, na mtoto mmoja na mwingine tumboni. Wakapendana na Mary, ikawa kashfa kubwa Cambridge, Louis akapoteza heshima na nafasi aliyokuwa anaitarajia chuoni. Mary mwenyewe alisemwa sana. Mwaka 1935 akaja Tanganyika kuungana na msafara wa Louis, akaiona Olduvai kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 22. Maji yalikuwa shida mpaka wakawa wanagombania kidimbwi na vifaru, kifaru anagaagaa na kukojoa humo na wao wanachota humohumo, chai na supu vyote vina harufu hiyo. Binti wa mjini hakukimbia. Wakafunga ndoa mkesha wa Krismasi 1936, mwanzoni mwa 1937 wakaja kuishi Kenya.

Kenya akaanza kuongoza machimbo yake mwenyewe, Hyrax Hill karibu na Nakuru mwaka 1937, baadaye Olorgesailie yenye mashoka ya mawe yaliyotapakaa mpaka leo unayakuta chini. Mwaka 1948 kisiwani Rusinga, Ziwa Victoria, akaona fuvu la Proconsul, nyani wa zamani sana, akaliunganisha kipande kwa kipande. Na huku anazaa na kulea, Jonathan 1940, Richard 1944, Philip 1949, na katikati hapo mwaka 1943 alizaa binti, Deborah, akafariki akiwa bado mchanga.

#4 Mdau wa Kondoa

Hapo umesahau Kondoa, michoro ya Kolo si ndio yeye?

#5 Mleta uzi (Arusha)

Asante sana mkuu wa Kondoa, sijasahau ila nilikuwa naelekea huko. Mwaka 1951 alihamia Kondoa miezi kadhaa, anapanda miamba na karatasi inayoonyesha upande wa pili, anaibandika juu ya mchoro, anafuata kila mstari, akirudi anaipaka rangi zinazofanana na za kwenye mwamba. Twiga, pofu, watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wengine wanapiga muziki. Kazi ile ilikuja kuwa kitabu mwaka 1983, na maeneo yale ya Kondoa yakaingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Inasemekana yeye mwenyewe ule msimu wa Kondoa aliupenda kuliko karibu kazi zake zote, na mimi naamini, maana pale alikuwa mchoraji na mtafiti kwa wakati mmoja.

Sasa tuje 1959.

Miaka yote hiyo wanaenda Olduvai wakipata pesa kidogo na muda kidogo, wanaokota zana nyingi na mifupa ya wanyama, lakini mwenyewe aliyezitengeneza zile zana haonekani. Mwaka 1959 Heselon Mukiri, mfanyakazi wao wa siku nyingi, akaona jino la kale la jamii ya binadamu sehemu inayoitwa MK. Wakapata moyo. Walikuwa wanamsubiri mpiga filamu afike ndio waanze kuchimba mbele ya kamera, kwa hiyo siku ile hakuna uchimbaji.

Tarehe 17 Julai 1959 Louis ana homa, kabaki hemani. Mary akachukua mbwa wake wawili, wale weupe wenye madoa meusi, alikuwa haendi popote bila hao, akaenda kutembeatembea FLK. FLK ni Frida Leakey Korongo, limepewa jina la mke wa kwanza wa Louis, hicho ni kitu cha kushangaza peke yake. Anatembea macho chini. Akaona kipande cha mfupa kimetokeza kwenye udongo uliomomonyoka, akapiga brashi kidogo, akaona sehemu ya taya la juu na magego mawili makubwa mno yametulia mahali pake. Wakuu, hebu fikirieni jicho la namna hiyo. Pale FLK kila unapoweka mguu kuna vipande, mfupa wa swala, jiwe, mfupa wa samaki, mzizi mkavu, vyote rangi moja ya vumbi, na yeye kwenye jua lile akajua hiki ni fuvu la jamii yetu.

Akakimbilia gari akarudi kambini akimwambia Louis amempata. Louis akanyanyuka na homa yake. Alipoyaona yale meno akasononeka kidogo, yeye alikuwa anataka binadamu kamili wa jamii ya Homo, na hili lilifanana na wale masokwe-watu wa Afrika Kusini. Mary hakusononeka hata chembe.

Fuvu lilikuwa limevunjikavunjika vipande mamia. Wakachekecha tani za kifusi kupata vipande vidogo kama kucha, na aliyekaa kuviunganisha ni Mary. Wakaliita Zinjanthropus boisei, kwa kifupi Zinj, hilo boisei ni kumshukuru Charles Boise aliyekuwa anawafadhili, siku hizi wataalamu wengi wanaliita Paranthropus boisei.

#6 Mdau wa Njiro

Mkuu nakufuatilia vizuri ila naomba kuuliza kwa heshima. Hiyo miaka milioni wanaijuaje? Mimi ni muumini na kila nikisikia hizi namba naona kama zinatungwa tu.

#7 Mleta uzi (Arusha)

Swali zuri na halina ubaya wowote, mimi pia Jumapili naenda kanisani. Nitakujibu la kipimo, la imani kila mtu ana nafasi yake.

Louis mwenyewe kwanza alikadiria miaka laki sita. Ila Olduvai ina bahati moja kubwa, nayo ni volkano. Nyanda zote zile zilikuwa zinamwagiwa majivu kutoka milima ya jirani tangu zamani, kwa hiyo fuvu limelala kati ya matabaka ya majivu. Ndani ya majivu kuna chembechembe za madini zenye potasiamu, na aina moja ya hiyo potasiamu inageuka polepole kuwa gesi ya agoni, kwa kasi inayojulikana na isiyobadilika. Volkano ikilipuka joto linafukuza agoni yote, saa inaanza sifuri. Ukipima leo agoni iliyojikusanya unajua majivu yalitua lini. Wanasayansi wawili wa chuo cha California, Curtis na Evernden, wakapima, wakatangaza na akina Leakey mwaka 1961, jibu likawa miaka milioni 1.75. Karibu mara tatu ya makadirio ya Louis! Dunia nzima ya wataalamu ikageuza macho kuangalia Afrika Mashariki, na National Geographic walikuwa wameshaanza kutoa pesa tangu fuvu lilipopatikana. Ndani ya mwaka mmoja hivi wa pesa hizo walichimba masaa mengi kuliko ile miaka karibu 30 yote iliyotangulia.

Na sasa ndio nifike kwenye kitu ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko fuvu lenyewe. Mwaka 1960 Mary alifungua eneo pana pale fuvu lilipokuwa. Wachimbaji wengi wa zamani wanatafuta kitu kizuri, wanakitoa, wanaondoka. Yeye alikuwa anashusha udongo wa juu mpaka anafika ardhi ileile iliyokanyagwa siku ile, halafu kila jiwe na kila mfupa, maelfu ya vipande, unaachwa palepale mpaka umechorwa kwenye ramani. Kipande hiki kilikuwa hapa, kinaangalia huku, kimelala karibu na mfupa wa mguu wa swala uliopasuliwa ili watu wapate uboho. Ukiangalia ramani ile unaona mahali ambapo vipande vimerundikana na mahali palipo wazi, na wataalamu mpaka leo, zaidi ya miaka 60, bado wanabishana wakitumia michoro hiyohiyo aliyoichora yeye.

Zana zenyewe nazo alizipanga. Ukienda Olduvai mwombe mhusika akuonyeshe jiwe la lava lililobanduliwa kingo. Unachukua jiwe la mtoni, unaligonga kwa jiwe jingine pembeni, sio katikati, kipande chembamba kinaruka chenye makali yanayoweza kukata ngozi. Kile kipande ndio kisu, sio lazima jiwe lililobaki. Mengine ni mawe meupe ya kwatzaiti kutoka kilima cha Naibor Soit, kile cheupe unachokiona ukisimama pale makumbusho, yaani walikuwa wanajua jiwe lipi lina makali na wanalibeba kutoka huko. Mary akaainisha zote, za kukatia, za kukwaruzia, nyundo, mawe ya mviringo, akaonyesha zinavyobadilika kutoka matabaka ya chini kwenda ya juu. Kitabu chake cha 1971 cha matabaka ya kwanza na ya pili ndicho msingi mpaka leo kwa yeyote anayesomea zana za Olduvai.

#8 Mdau wa Karatu

Aisee umenifungua macho. Ila na mimi nina la kusema. Kwenye hizi hadithi siku zote wazungu ndio wanagundua. Hao waliokuwa wanapiga sururu juani walikuwa nani?

#9 Mleta uzi (Arusha)

Mkuu wa Karatu umegusa penyewe na nilikuwa nina hamu mtu aulize. Majina yapo na tuyataje.

Heselon Mukiri nimeshamtaja. Kamoya Kimeu, Mkamba, alianza na akina Leakey Olduvai, mwaka 1964 akaona taya kamili la ndugu wa Zinj pale Peninj, Ziwa Natron, huko kwetu Arusha, akaja kuwa mmoja wa waokotaji mashuhuri wa visukuku duniani. Amefariki 2022. Peter Nzube mwaka 1968 aliona fuvu lililobondeka kabisa Olduvai, linaitwa OH 24, la Homo habilis, jamii ya kale ya Homo. Maundu Muluila mwaka 1974 aliona kule Laetoli taya linaloitwa LH 4, nitalirudia maana lilileta ugomvi. Ndibo Mbuika alikuwa kwenye zile nyayo za kale za Laetoli, nazo nitazifikia. Wengi wao Wakamba, Mary aliwazoea akawaamini kwa miaka na miaka, na kwenye maandishi yake aliyeona anatajwa jina. Makosa ni ya waliokuja kuandika vitabu vya shule na wengine wanaofupisha kila kitu kuwa "Leakey".

Na Watanzania pia wapo. Amini Mturi, aliyekuwa mkuu wa idara ya mambo ya kale, alichimba Ndutu mwaka 1973 likapatikana fuvu la Ndutu, pale pale magharibi ya Olduvai. Vijana wanaopita Ndutu kila msimu wa nyumbu wanahesabu watoto wa nyumbu na hawajui kama pametoka fuvu.

Sasa Laetoli. Ni kilomita 45 hivi kusini ya Olduvai, upande wa Endulen. Louis alifariki Oktoba 1972, ndoa yao ilikuwa imeshalegea miaka mingi, Mary anaishi peke yake Olduvai kwenye kambi na mbwa wake na sigara zake nene za Cuba, mkali, maneno machache, hapendi mtu mvivu. Wengi walidhani mzee akiondoka na kazi itaishia hapo. Badala yake mama ana miaka zaidi ya 60 akahamia eneo jipya akafanya ugunduzi ambao kwangu mimi unalizidi hata Zinj.

Mwaka 1976 wageni wake watafiti, Andrew Hill na wenzake, walikuwa wanarushiana mavi makavu ya tembo kama michezo, Hill akainama kukwepa, akaona chini kwenye jiwe alama za nyayo za wanyama. Wakaanza kusafisha. Sungura, kanga, twiga, tembo, kifaru, mpaka matone ya mvua yameacha vishimo. Mwaka 1978 Paul Abell akaona kisigino cha kiumbe anayetembea kwa miguu miwili. Mary akamweka Ndibo Mbuika achimbe, nyayo zikazidi kutokea, ikawa njia ya mita 27 hivi ina nyayo kama 70.

Kilichotokea ni hiki. Volkano ya Sadiman, kwa maelezo yao ya wakati ule, ilimwaga majivu laini, ikanyesha mvua kidogo, majivu yakalowa yakawa mazito, watu wawili au watatu wakapita kuelekea kaskazini, mmoja mkubwa, mmoja mdogo pembeni, na inaonekana wa tatu alikuwa anakanyaga ndani ya nyayo za yule mkubwa. Jua likakausha, majivu mengine yakafunika. Miaka milioni 3.66. Kidole gumba kimenyooka pamoja na vingine, sio cha kushikia tawi, kisigino kimezama kwanza, upinde wa mguu upo. Farasi wa kale wenye kwato tatu na mtoto wake wamekatiza njia hiyohiyo. Mary alisafisha nyayo zile kwa brashi na vifaa vya daktari wa meno, amepiga magoti, akaona sehemu moja ambapo mtu anaonekana kusita na kugeuka kidogo kushoto halafu akaendelea. Mimi hapo huwa nanyamaza na wageni wangu, nawaacha waangalie.

Na ubongo? Hawa walikuwa na ubongo mdogo na hakuna zana za mawe zilizopatikana pamoja nao. Maana yake tulisimama wima kwanza, akili kubwa na zana vikaja baadaye sana. Kulikuwa na ubishi mkubwa kuhusu nini kilitangulia, nyayo zile zikaufunga.

#10 Mdau wa Moshi

Na huo ugomvi wa taya mkuu?

#11 Mleta uzi (Arusha)

Kwa kifupi. Mwaka 1978 Mmarekani Donald Johanson, aliyekuwa amepata mifupa ya kale iliyopewa jina la Lucy huko Ethiopia, alitangaza jamii mpya, Australopithecus afarensis, na mfano rasmi wa jamii hiyo akachagua LH 4, lile taya la Laetoli aliloliona Maundu Muluila na Mary akalichapisha. Yaani jina la Afar ya Ethiopia limebandikwa kwenye mfupa wa Tanzania. Mary alikasirika, jina lake lilikuwa kwenye makala yao akadai litolewe. Alikuwa hapendi haraka ya kubandika majina kwenye mifupa. Sayansi imelikubali jina la afarensis kwa hiyo upande huo Johanson alishinda, lakini hasira ya mama naielewa.

Jambo jingine nalolitaja kila mara: mwaka 1968 chuo kikuu cha Witwatersrand Afrika Kusini kilitaka kumpa shahada ya heshima yeye na Louis pia, Louis akaikataa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, Mary akaipokea. Msichana aliyekosa hata mtihani mmoja, sasa ana shahada ya heshima. Baadaye Oxford, wale wale walioambia mama yake asihangaike, wakampa shahada ya heshima mwaka 1981.

Mwaka unaofuata, 1982, damu iliganda akapoteza jicho la kushoto. Akaondoka Olduvai akahamia Nairobi kuandika. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996 akiwa na miaka 83.

#12 Mdau wa Njiro

Asante kwa ufafanuzi wa ile saa ya agoni, nimeelewa. Hizo nyayo tunaweza kwenda kuziona na watoto?

#13 Mleta uzi (Arusha)

Zenyewe hapana, zimefunikwa. Mary alizifukia mwaka 1979 kwa mchanga na mawe kuzilinda, kwa bahati mbaya mbegu za migunga zikawa kwenye ule mchanga, miti ikaota, mizizi ikaanza kuingia kwenye nyayo. Miaka ya tisini idara yetu ya mambo ya kale na taasisi ya Getty wakafukua tena, wakaua mizizi, wakarekodi, wakafunika upya kwa vitambaa maalum, na wazee wa Kimasai wa pale wakaja kupafanyia ibada yao ili paheshimiwe. Mary alifika kuziona 1996, miezi michache kabla hajafariki. Watoto wapeleke makumbusho ya Olduvai, kuna nakala ya nyayo unaisimamia unailinganisha na mguu wako, halafu omba mtu awashushe mpaka FLK kuna jiwe la kumbukumbu pale fuvu lilipotoka. Kama bajeti ya hifadhi haitoshi anza na makumbusho ya hapa Boma, mjini, wana sehemu ya asili ya binadamu. Fuvu lenyewe la Zinj lilirudishwa nchini 1965, liko Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam.

#14 Mdau mpya (Moshi)

Shikamoo mkuu. Mimi ni binti, nimemaliza Form Six HGL, nyumbani wanasema akiolojia haina kazi. Kuna Watanzania wanaofanya haya sasa hivi au ni wazungu tu?

#15 Mleta uzi (Arusha)

Marahaba mwanangu. Wapo, na kazi nzuri kabisa. Mwaka 2015 Laetoli palitakiwa kujengwa makumbusho, ikabidi kwanza wachimbe mashimo ya kuangalia kama ujenzi utaharibu kitu. Timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, wakakuta nyayo nyingine mpya, mita 150 hivi kutoka zile za Mary, 14 za watu wawili, mmoja wanamkadiria urefu wa sentimita 165, mrefu kwa watu wa zama zile. Wakachapisha 2016. Halafu kuna nyayo tano za sehemu inayoitwa A, Mary alizichimba kisha zikawekwa kiporo maana wengine walisema labda ni dubu. Mwaka 2019 timu akiwemo Mtanzania Charles Musiba wakazifukua upya, matokeo yakatoka 2021 kwenye jarida la Nature, sio dubu, ni jamii yetu, na huenda sio jamii moja na wale wa njia ya mwanzo.

Pale UDSM kuna idara kamili ya akiolojia na urithi. Historia na Jiografia zako zinakubeba vizuri. Ukianza chuo tafuta mapema nafasi ya kwenda kuchimba wakati wa likizo hata kama ni kubeba ndoo za kifusi na kuchekecha, na jifunze kuchora zana kwa mkono, siku hizi wengi wanategemea kamera na anayejua kuchora anagombaniwa. Nyumbani waonyeshe uzi huu. Maswali mengine ya namna ya kuomba njoo PM, nitakuunganisha na vijana waliopita hapo.